Wakimbizi wa Biblia nao waliogopa kurudi

HOFU ya mtu anayerudi nyumbani haifanani na hofu ya mtu anayekimbia. Anayekimbia ana risasi nyuma yake na miguu yake inajua la kufanya. Anayerudi amekaa juu ya lori na sufuria, godoro na watoto, na njia nzima anajiuliza maswali. Nani analima shamba la baba? Jirani atanipokea kwa uso gani? Watoto wangu waliosoma kwa Kiswahili wataanza darasa la ngapi? Na ile siasa iliyotutoa, imekwisha kweli au imelala tu?

Kirundi kina neno lake kwa safari hii. Guhunga ni kukimbia, guhunguka ni kurudi kutoka ukimbizini, kama vile katika Kiswahili tunavyosema kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Lugha inadai kwamba anayerudi anafungua fundo alilolifunga alipokimbia. Sisi tuliopita njia hiyo tunajua kuna fundo ambalo halifunguki siku ya kuvuka mpaka, nalo ni woga.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma huko, na Biblia niliisoma kwanza kwa Kiswahili. Nilirudi mwaka 2009, mmoja wa watu zaidi ya 50,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu waliochagua kurejea wakati wenzetu wengi zaidi walikuwa wameomba uraia wa Tanzania. Niliingia katika nchi niliyoijua kwa hadithi za wazee tu. Tangu hapo nimefundisha watoto wa waliokuja baada yangu: wa Mtabila, kambi iliyofungwa mwaka 2012, na wa wale waliokimbia mwaka 2015 kisha wakaanza kurudishwa mwaka 2017. Ukiwauliza watoto hawa wanaogopa nini, wanajibu haraka kuliko wazazi wao.

Katika makanisa yetu ya mpakani hofu huhubiriwa sana, na mara nyingi huhubiriwa kama dhambi au kama pepo. Mtu anayeogopa huambiwa imani yake ni ndogo. Huitwa mbele, huombewa kwa sauti kubwa, na siku hizi yako maeneo ambako huuziwa na chupa ya mafuta. Jumatatu anaamka na hofu yake ile ile, ila sasa ameongezewa aibu. Nasema wazi kwamba mahubiri ya namna hiyo yanamdhulumu mkimbizi, tena hayafuati Maandiko yanayonukuliwa. Biblia kwa sehemu kubwa ni kitabu cha watu waliohama, waliofukuzwa na waliorudi. Watu hao waliogopa, na walioandika habari zao hawakuificha hofu hiyo.

Wahubiri hupenda kusema pia kwamba neno “usiogope” limo ndani ya Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ni hesabu tamu, lakini ukikaa na kuhesabu hupati idadi hiyo, unapata pungufu sana. Wala hatuihitaji. Linalofaa kutazamwa ni neno hilo linaambiwa nani, na linafuatwa na nini.

Tazama Hagari katika Mwanzo sura ya 21. Ni mtumwa, ni mwanamke wa nchi nyingine, amefukuzwa na mtoto wake, na kiriba cha maji kimekwisha jangwani. Amemlaza mtoto chini ya kichaka na kukaa mbali ili asimwone akifa. Malaika anamwambia asiogope, na mara hiyo hiyo anamwagiza ainuke, amwinue kijana, amshike mkono. Ndipo anaona kisima. Hakuambiwa kwamba jangwa si jangwa wala kwamba kiu yake ni mawazo tu. Alipewa kazi ya mikono, na kisima kikaonekana alipokuwa amekwisha kuambiwa ainuke. Wanaohubiri huchukua neno la kwanza na kuacha hilo la kuinuka.

Au mtazame Yusufu, mume wa Mariamu. Habari za kukimbilia Misri kila mtu anazijua, maana husomwa Krismasi. Habari za kurudi husomwa kwa haraka. Mathayo sura ya 2 inasema aliambiwa katika ndoto arudi kwa kuwa waliotaka kumwua mtoto wamekufa. Akarudi. Lakini alipofika akasikia kwamba Arkelao, mtoto wa Herode, ndiye anayetawala Uyahudi mahali pa babaye, akaogopa kwenda huko. Neno ni hilo, akaogopa. Na Mungu hakumkemea. Aliletewa ndoto nyingine, akageuza njia, akaenda Galilaya, akakaa Nazareti. Arkelao alikuwa mtawala mkatili kweli, hata Warumi wenyewe walimwondoa mwaka wa 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo hofu ya Yusufu ilikuwa habari sahihi. Mama aliyeko kambini ambaye anasema “nitarudi, lakini si kwenye kile kilima” asiitwe mwenye imani haba. Yusufu alifanya hivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa akimlinda ndiye tunayemwabudu.

Tuje kwa wachuuzi, maana najua wengi wanaosoma ukurasa huu wamekaa kwenye foleni ya forodha.

Nehemia alikuwa mhamishwa aliyepata kazi nzuri ughaibuni, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mfalme alipomuuliza kwa nini uso wake una huzuni, Nehemia anaandika mwenyewe kwamba aliogopa sana. Kati ya swali la mfalme na jibu lake akamwomba Mungu, maombi mafupi ambayo hakuna aliyeyasikia. Kisha akaomba ruhusa. Alipopewa ruhusa hakuishia hapo, akaomba barua: barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti. Akasafiri na karatasi zake, na askari wa mfalme wakamsindikiza.

Kabla yake Ezra alipita njia hiyo hiyo kwa namna tofauti. Yeye aliona haya kumwomba mfalme askari kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba Mungu atawalinda. Akatangaza mfungo kando ya mto Ahava, akavuka na watu wake bila ulinzi, wakafika salama. Mmoja alikataa askari kwa imani, mwingine akawapokea kwa imani, na Biblia inawasifu wote wawili. Mhubiri anayekuambia kwamba kutafuta hati ni kukosa kumtegemea Mungu amesoma kitabu cha Ezra na hajafungua kinachofuata.

Nalisema hili kwa sababu wako akina mama wanaopita njia za panya usiku na mchele, vitenge au sabuni vichwani, wakimwogopa afisa wa forodha kuliko fisi. Hofu hiyo ina sababu, maana wako walionyang'anywa mali na walioshikwa. Lakini kuna sehemu ya hofu hiyo inayotibiwa na karatasi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na chini ya taratibu za Jumuiya mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa mpakani na asidaiwe ushuru wa forodha. Tozo nyingine zinaweza kubaki, na si kila ofisa ana haraka ya kueleza. Hata hivyo mwenye cheti anapita mchana, tena kwa barabara. Kama kanisa lina saa tatu za kukemea pepo wa hofu, lingeweza kutenga nusu saa ya kuwaelekeza akina mama jinsi ya kujaza fomu hiyo. Nehemia angeelewa.

Na kuna neno la Yesu ambalo nadhani wachuuzi hulielewa kuliko mapadri na wachungaji. Katika Mathayo sura ya 10, akizungumza na wanafunzi wanaokwenda mahali pa hatari, anataja bei ya ndege sokoni: mashomoro wawili kwa senti moja. Katika Luka sura ya 12 bei ni nyingine: mashomoro watano kwa senti mbili. Mwalimu wa hesabu ataona kasoro, kwa kuwa senti mbili zingenunua wanne. Muuza dagaa hatauliza. Wa tano ni nyongeza. Ni ule mkono wa dagaa unaotupiwa juu ya fungu ili mteja arudi kesho, ambao hauna bei na hauandikwi daftarini. Yesu anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu, maana yake hata yule wa nyongeza. Kisha anawaambia wasiogope, wao ni bora kuliko mashomoro wengi. Watu walioishi kambini miaka 20 wakihesabiwa kwa kadi ya mgao wanajua maana ya kuwa nyongeza katika hesabu za wengine.

Lakini ni lazima niwe mkweli, maneno hayo ya mashomoro yamewekwa karibu sana na neno gumu kuliko yote juu ya hofu. Yesu anawaambia wasiwaogope wauao mwili wasiweze kuiua roho, bali wamwogope Mungu. Hasemi kwamba mwili hautauawa, na shomoro huanguka chini kweli.

Kiswahili cha Biblia kinatusaidia hapa. Wafasiri walitumia kuogopa na hofu kwa woga wa kawaida, lakini kwa Mungu mara nyingi wakachagua neno la zamani, kucha, ambalo katika maongezi ya leo limebaki karibu tu katika “kumcha Mungu” na “kicho”. Watoto darasani hudhani linatokana na jua kuchomoza. Kumcha Mungu ni kumpa yeye nafasi ile ambayo mwenye bunduki anaitaka ndani yako. Nafasi hiyo ikiwa na mwenyewe, mwenye bunduki anaweza kukuua lakini hawezi kukuamrisha kila kitu.

Nchi yetu ina mfano wake. Alfajiri ya Aprili 30, 1997 watu wenye silaha waliingia Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwakuta wanafunzi katika mabweni, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa kutengana. Waliuawa 40. Aliyekuwa mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliandika kitabu juu yao, na mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilianza mchakato wa kuwatangaza kuwa wenye heri. Walikuwa vijana, wengine bado wadogo, na ni wazi kwamba waliogopa, nani asingeogopa? Hata Yesu, usiku wa Gethsemane, Marko anasema alifadhaika na kuhangaika, akaomba kikombe kile kimwondokee. Vijana wa Buta waliogopa, na bado hawakwenda walikoamriwa. Napendelea mfano wao kuliko mahubiri elfu ya kutangaza kwamba mkristo haogopi. Tena sipendi uchukuliwe kama sheria ya kumtwisha kila mtu. Wako waliokimbia usiku kama ule na leo wanalea watoto, na Yesu huyo huyo, katika sura ile ile ya 10, anawaambia wanafunzi kwamba wakiudhiwa mji huu wakimbilie mwingine.

Sasa nifike kwenye hofu ambayo huku kwetu ndiyo kubwa, ingawa haina bunduki. Ni hofu ya uso wa ndugu.

Wazazi wetu walipokimbia mwaka 1972, hasa kutoka tarafa za kando ya ziwa kama Rumonge na Nyanza-Lac, ardhi yao haikukaa bure. Nyingine ilichukuliwa na majirani, nyingine na jamaa waliobaki, nyingine ikagawiwa watu kutoka mikoa mingine, nyingine ikauzwa na kuuzwa tena. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 ulisema mkimbizi anayerudi apate mali yake au alipwe fidia. Lakini aliyelima kipande hicho miaka 30, akazika wazazi wake hapo, naye ana hofu yake. Anapoona lori linashusha watu barabarani, anaogopa kama sisi. Abahungutse, waliorudi, na abasangwa, waliokutwa, wamelala usiku huo huo macho wazi pande mbili za ua wa minyaa.

Serikali iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa padri, Astère Kana, na wakati wake tume ilielekea zaidi kuwashauri wagawane. Baada yake akaja padri mwingine, Monsinyori Sérapion Bambonanire, na tume ikaelekea kumrudishia aliyekimbia mali yake yote. Makasisi wawili wa Kanisa moja, wakisoma Biblia moja, wakafika mahali tofauti. Muda wa tume ulimalizika mwaka 2022, na mashauri yapo bado. Mimi sina hukumu ya kumaliza kesi za watu. Ninachoweza ni kuonyesha mtu mmoja aliyekutana na jambo kama hili.

Yakobo alimkimbia pacha wake Esau, aliyeapa kumwua. Alikaa ugenini miaka 20, akaoa, akazaa, akapata mifugo. Kisha Mungu akamwambia arudi. Mfano hautulingani kabisa, kwa sababu Yakobo alikuwa amechukua baraka ya kaka yake kwa hila, na wazazi wetu hawakumwibia mtu kitu. Lakini angalia jinsi anavyoibeba hofu yake katika Mwanzo sura ya 32 na 33. Anatuma watu mbele. Wanarudi na habari moja tu: Esau anakuja, na watu 400. Hakuna aliyejua wanakuja kwa nia gani. Yakobo akaogopa sana. Akagawa watu wake makundi mawili ili moja likipigwa jingine liponyoke. Kisha akaomba, na maombi yake ni ya mtu asiyejifanya: anamkumbusha Mungu kwamba ni yeye aliyemwambia arudi, na anamwambia waziwazi kwamba anamwogopa ndugu yake, asije akamwua mama pamoja na watoto. Mama zetu waliomba hivyo hivyo njiani.

Baada ya maombi akafanya hesabu. Mbuzi majike 200 na madume 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 wanyonyeshao na watoto wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Jumlisha, utapata wanyama 550 bila watoto wa ngamia. Huo si mkono mtupu wa “tusameheane ndugu yangu”. Yakobo alijua kwamba kilichopotea kwa Esau kilikuwa mali, na akaanza na mali. Huku kwetu tumesikia mahubiri mengi ya msamaha ambayo hayataji hata futi moja ya ardhi, na watu wanatoka kanisani wakaendelea kuwindana kwa mapanga mpakani mwa mashamba.

Usiku akabaki peke yake kwenye kivuko cha Yaboki, akashindana na mtu mpaka alfajiri, akatoka anachechemea. Mpango wake wa awali ulikuwa zawadi zitangulie na yeye afuate nyuma. Asubuhi, Esau alipoonekana na wale 400, Biblia inasema Yakobo mwenyewe aliwatangulia wake na watoto, akainama mara saba. Hofu haikuwa imeondoka, kwa maana alikuwa bado amepanga watu wake kwa tahadhari. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa amesimama. Na Esau akakimbia kumlaki, akamkumbatia, wakalia. Aliyebaki naye alikuwa na lake la kusema, na juu ya wale wanyama alisema kwamba anavyo vya kutosha.

Wahubiri wengi humaliza hapo, kwenye machozi. Mimi hupenda yanayofuata. Esau alitaka waandamane. Yakobo, kwa adabu, akasema watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, akabaki nyuma, akaenda zake Sukothi, kisha akanunua kipande cha ardhi karibu na Shekemu kwa vipande mia vya fedha. Walipatana, lakini hawakuishi ua mmoja. Nimeona familia zilizolazimishwa na wazee na wachungaji kukaa pamoja ili kuonyesha upatanisho, zikapigana mwaka uliofuata; na nimeona nyingine zilizogawana, zikapanda minyaa katikati, na leo watoto wao hukaa dawati moja darasani kwangu.

Kuna jambo jingine ambalo abasangwa wanalo na sisi hatuna. Wengi wetu tuliorudi mwaka 2008 na 2009 tulijua jina la kilima, basi. Hatukujua kaburi la babu liko wapi. Aliyejua ni yule yule tuliyekuwa tukimwogopa, anayelima pale. Mtu huanza na hilo, hodi moja, kabla ya kupeleka karatasi mahakamani: naomba unionyeshe alikozikwa mzee. Mwanzo sura ya 35, Isaka alipokufa, inasema walimzika wanawe, na inawataja kwa majina. Esau ametajwa kwanza.